Ua la njano si wizi wa shamba

Leo ninatoa maoni yangu juu ya ua. Msicheke kwanza.

Huku Kabare, mama mmoja aliyekimbia vita alipewa kona ya shamba alime maharagi. Pembeni akachomeka vijiti vya lile ua la njano linalofanana na alizeti ndogo, ambalo tunaliona kila siku kando ya barabara. Vijiti vilipochipuka, mwenye shamba alikuja akaving'oa vyote. Akamwambia: "Mama, nilikupa msimu, sikukupa shamba."

Aliyezaliwa Bushi anaelewa neno hilo. Desturi inatofautisha kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi alitoa ng'ombe kwa mwami au kwa shefu, na shamba analiachia watoto wake. Wa bwasa anaazimwa kwa msimu, analipa kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno, na haruhusiwi kupanda kitu kinachodumu: si mgomba, si kahawa, si mti. Kinachodumu kinakuwa shahidi, na kesho kitatumiwa kusema shamba ni la fulani.

Kwa hiyo mwenye shamba si mtu mbaya. Aliogopa, na kesi za mipaka huku kwetu tunazijua. Lakini ninasema alikosea, tena alijiumiza mwenyewe.

Ua hilo, ambalo wataalamu wanaliita Tithonia diversifolia, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Linapenda jua kali. Ukilikata linachipua tena, mwaka baada ya mwaka. Majani yake ni mbolea: kilo moja ya majani makavu ina karibu gramu 35 za azoti na karibu gramu 40 za potasiamu. Unakata majani na vitawi laini, unavikatakata, unavifukia udongoni wiki moja hivi kabla ya kupanda. Vinaoza haraka. Nyuki nao wanalipenda. Mbolea ya dukani inaomba pesa. Hii inaomba panga tu.

Basi mwenye shamba aling'oa mbolea ambayo ingebaki kwake siku mama yule atakaporudi kwao.

Ninapendekeza hivi. Kabla ya mvua ya mwezi wa tisa, mwenye shamba na mgeni wake waende pamoja kwa shefu wa kijiji, au waite wazee wawili. Waseme wazi mbele yao: ua ni la shamba, aliyelipanda akirudi kwao linabaki. Waandike karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Hapo hofu inaisha.

Nanyi mliokimbia, mwombe kwanza ndipo mpande. Kuomba si aibu. Chomekeni vijiti vilivyokomaa, vya urefu wa mkono hivi, kwenye mpaka wa shamba, si katikati, maana linakua refu kumpita mtu na litafunika maharagi kwa kivuli. Likatwe mara kwa mara, na maua yakatwe kabla mbegu hazijakauka, la sivyo litaingia kwa jirani na kuzaa ugomvi mwingine. Na wanaochemsha majani yake kutibu malaria, ninawaomba: mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya.

Kuna atakayesema: watu wanalala njaa, wewe unahubiri maua. Ninamjibu kwamba njaa hiyo inaanzia katika udongo uliochoka. Anayelima msimu mmoja bila ruhusa ya kurudishia udongo chochote anaondoka na mavuno kidogo, na mwenyeji anabaki na shamba lililochoka zaidi. Wote wawili wanapoteza.

Nilimuuliza mama yule kwa nini alichagua ua hilo. Alisema kwao ndilo lilikuwa lupango lao, na watoto waliporudi kutoka masomo waliliona kwa mbali wakajua wamefika.

Hakutaka shamba la mtu. Alitaka watoto wajue mlango wao ni upi.

Vijiti viko kando ya barabara, bure. Tuzungumze kwanza, kisha tuchomeke.