Mchua misuli siyo mbeba maji

Dirisha la usajili likifunguliwa, kila shabiki anageuka kocha. Huyu anataka straika, yule anataka beki wa kati mwenye mwili, mwingine anaapa kwamba bila kiungo mkabaji msimu umeshaharibika. Hakuna anayeuliza mchua misuli atakuwa nani. Ligi ikichanganya, mastaa watatu wako jukwaani na nyama za paja zimechanika, ndipo lawama zinaanza. Kocha analaumiwa, mwenyekiti analaumiwa, hata uchawi unatajwa.

Mtaani mchua misuli anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mbio zake. Mchezaji akianguka, jamaa anachomoka na kibegi, anapuliza dawa, anamwaga maji, anarudi zake benchi huku jukwaa likimcheka kitambi. La pili ni uvumi. Timu ikipata goli la ajabu ajabu, lazima atokee wa kusema kwamba ndani ya kile kibegi hakukuwa na barafu tu. Kazi yake halisi wengi hawaijui, wakiwemo baadhi ya viongozi wanaomwajiri.

Kazi hiyo inafanyika pale ambapo kamera hazipo. Ni usiku wa kuamkia mechi, chumbani hotelini. Ni asubuhi ya siku inayofuata, miguu ikiwa mizito kama magogo. Anaanza na kigimbi, anapanda nyuma ya paja, anafika nyonga, anamalizia mgongoni. Mchuaji mzuri hagusi pale panapouma tu. Paja la kulia linaweza kukaza kwa sababu mchezaji anaikwepa enka ya kushoto iliyoumia mwezi uliopita. Mgongo unaweza kukaza kwa sababu ya basi, maana kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na zipo timu zinazofika leo na kucheza kesho. Mwingine mabega yamekaza kwa sababu mshahara haujaingia na mtoto karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Mwili ni mmoja. Ndiyo maana mtu wa kazi hii anamtazama mchezaji mzima: kalalaje, kala nini, ana mawazo gani.

Na pale mezani watu wanafunguka. Kocha akiuliza, jibu ni moja tu: "Niko fiti, kocha." Nani aseme vingine wakati kuna kijana nyuma yake anaitaka namba? Lakini yuleyule akilala kifudifudi, mkono ukipita nyuma ya paja, atashtuka. Mdomo unaweza kudanganya ila msuli hauwezi. Mchua misuli ndiye mtu wa kwanza klabuni kujua kwamba kuna kitu hakiko sawa, mara nyingine siku mbili kabla ya mechi.

Wachezaji wakubwa hawahitaji kuambiwa hili. Mwaka 1986 Diego Maradona alipokwenda Mexico kucheza Kombe la Dunia, alitaka awe na Salvatore Carmando, mchua misuli wa klabu yake ya Napoli. Carmando ni Muitaliano, na Italia ilikuwa kundi moja na Argentina. Timu hizo zikatoka sare ya 1-1, na mwisho wa safari Argentina ikabeba kombe. Hakuna wa kusema mikono ya Carmando ndiyo iliyofunga magoli. Lakini mchezaji bora wa dunia, mwenye uwezo wa kuomba chochote, aliomba mtu anayeujua mwili wake.

Tusidanganyane pia kwamba kuchua ni muujiza. Kuchua kunapunguza maumivu na uchovu baada ya mechi na kumfanya mchezaji atulie na alale. Hakuungi msuli uliochanika. Kibaya zaidi, ukiuchua kwa nguvu msuli uliochanika leo, unaongeza damu kuvuja ndani na jeraha linakuwa kubwa. Siku mbili tatu za mwanzo mchezaji anatakiwa kupumzika, abanwe na bandeji, ainue mguu, na barafu imsaidie maumivu. Lakini nenda viwanja vya ndondo uone. Mtu kaumia dakika ya 30, mapumziko anakandwa kwa maji ya moto na kusuguliwa kwa dole gumba mpaka machozi yanamtoka, kipindi cha pili anarudishwa. Wangapi wameishia hapo? Kijana aliyekuwa anatazamwa na timu za Ligi Kuu leo anaendesha bodaboda huku akiburuza mguu.

Hilo ndilo tatizo la kumpa kazi hii shemeji wa kiongozi, au mchezaji mstaafu ambaye sifa yake kubwa ni kwamba hana kazi nyingine. Mikono isiyosoma ni hatari kuliko kutokuwa na mikono kabisa.

Na majeraha yenyewe hayapungui. Utafiti unaofanywa na UEFA kwa klabu kubwa za Ulaya unaonyesha kwamba msimu wa 2001/02 majeraha ya nyama za paja yalikuwa asilimia 12 ya majeraha yote. Msimu wa 2021/22 yalifika asilimia 24. Hao ni watu wenye ndege za kukodi na viwanja kama zulia. Sisi wa basi na viwanja vigumu tujipime wenyewe.

Sasa hata ukimpata aliyesoma, swali linabaki: nani anamsikiliza? Agosti 2015, Chelsea ikiwa pungufu na matokeo ni 2-2 dhidi ya Swansea, daktari Eva Carneiro na mtaalamu wa fiziotherapia Jon Fearn waliingia uwanjani kumtibu Eden Hazard baada ya kuitwa na mwamuzi. Jose Mourinho akawalaumu hadharani, wakaondolewa benchi, na Carneiro akaondoka klabuni. Juni 2016 klabu ikamalizana naye na kumwomba radhi. Kama daktari wa Ligi Kuu ya England alifanyiwa hivyo mbele ya dunia nzima, mchua misuli wa kwetu anayelipwa posho bila mkataba atathubutu vipi kumwambia kocha, "Huyu leo hachezi"?

Hathubutu. Anamfunga bandeji, anampaka dawa, anamwombea dua. Dakika ya 20 mchezaji anashika paja.

Dawa yake haihitaji bilioni. Klabu iajiri aliyesomea kazi, impe mkataba wenye tarehe na mshahara kama wengine wa benchi la ufundi. Impe daftari aandike kila anachokikuta kwa kila mchezaji, ili akiondoka anayekuja asianze sifuri. Na asubuhi ya mechi, kabla kocha hajataja kikosi, yeye na daktari waulizwe na jibu lao liandikwe. Kocha akiamua kumchezesha mchezaji waliyemkataa, ijulikane ni uamuzi wake. Mwiko huo peke yake utaokoa miguu mingi.

Mashabiki nao wana kazi. Mnauliza bei ya straika hadi shilingi ya mwisho. Anzeni kuuliza na anayemchua kasomea wapi. Straika wa mamilioni akilala miezi mitatu, mnachotazama ni jezi yake tu, imening'inia dukani.