Civilization VII yawanyang'anya Wagiriki miji yao

Studio ya Firaxis ilipotoa mchezo wa Civilization VII Februari 2025, iliamua kwamba kila makazi mapya, ukiacha mji mkuu, yaanze kama mji mdogo. Uzalishaji wa mji huo hugeuzwa dhahabu na kuingia katika hazina ya mchezaji, na ukitaka uwe mji kamili, sharti uulipie. Kwa Roma, iliyotawala miji iliyoianzisha, kanuni hiyo inavumilika. Kwa Ugiriki ni kuigeuza historia juu chini, na mchezo unaojinadi kwa historia haustahili kusamehewa hilo.

Watetezi wanasema mchezo ni burudani, si darasa, na kwamba mchezaji anataka kutawala alichokijenga. Sawa. Wanakumbusha pia kwamba Athene iliwatoza washirika wake, hata mwaka 454 KK hazina ya muungano wao ikahamishwa kutoka Delos kwenda Athene. Ni kweli, lakini walioonja hali hiyo waliasi, Naxos ikitangulia.

Kinachomaliza ubishi ni namna Wagiriki walivyoanzisha miji. Kundi la watu liliondoka na kiongozi wake, likabeba moto kutoka meko takatifu ya nyumbani, likaenda kujenga mji wenye sheria zake na jeshi lake. Korintho ilianzisha Sirakusa karibu mwaka 733 KK. Thera ikaanzisha Kirene karibu 631, na Phokaia ikaanzisha Massalia, Marseille ya leo, karibu 600. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu uliotawaliwa na mji uliouzaa. Uhusiano ulikuwa kama wa kijana aliyeoa na kuhamia kwake: heshima ipo, sikukuu zikifika sadaka zipo, ila mshahara haupeleki kwa baba.

Tena mji uliozaa na mji uliozaliwa iliweza kupigana. Korkyra ilianzishwa na Korintho, na vita vya majini vya zamani zaidi ambavyo mwanahistoria Thucydides alivijua ni vya miji hiyo miwili. Mwaka 435 KK ikapambana tena kwa sababu ya Epidamnos, mji ulioanzishwa na Korkyra yenyewe. Mwaka 433 Athene ikaisaidia Korkyra, na kufikia 431 Vita vya Peloponnesos vimekwisha kuwaka. Sasa mwambie mchezaji wa leo autengeneze mgogoro huo. Ataanzia wapi, ikiwa Korkyra yake ni mji mdogo unaoipelekea Korintho dhahabu kila zamu, hauna baraza, hauna manowari zake, wala hauwezi kusema hapana? Mchezo umewaleta Wagiriki na kuufungia nje ugomvi uliowatikisa kuliko wowote.

Na wasituambie kwamba haiwezekani! Ramani ya mchezo huohuo imejaa jamii huru ambazo mchezaji huzivuta kwa ushawishi mpaka zikawa miji-dola rafiki. Chombo kipo, kimelazwa. Walowezi wa Kigiriki wakitua ng'ambo, na waanzishe jamii huru iliyo rafiki tangu siku ya kwanza, inayofanya nawe biashara, inayoweza kuja kukuomba msaada, na inayoweza kukugeuka. Badala yake, studio iliona heri kuwapa Wagiriki jengo la Parthenon, kana kwamba Ugiriki ni nguzo za marumaru. Mchezaji asiyestahimili kukataliwa na mji alioanzisha mwenyewe, basi achague Roma.