Nakala za Majalada Yetu Zije Bukoba

Mwaka 1937 wakulima wa kahawa wa Wilaya ya Bukoba, ambayo enzi hizo iliimeza na Muleba ya leo, walizikataa kanuni mpya za serikali ya Kiingereza za utunzaji wa mibuni. Zikazuka vurugu. Mjukuu wao akitaka kusoma maofisa waliandika nini juu ya siku zile, inambidi asafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Upanga, Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Alipe nauli, atafute pa kulala, ale. Ni kijana gani wa Kamachumu au Maruku anayemudu hayo?

Sheria haimfungii mlango. Sheria ya mwaka 2002 inaruhusu nyaraka za umma zisomwe baada ya miaka 30. Kinachomshinda ni umbali.

Wala majalada ya huko si ya kahawa peke yake. Emin Pasha aliweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Waingereza wakauvamia mji Juni 1915, ukaporwa. Tawala zote mbili ziliandika bila kuchoka: kodi, mashauri, Omukama (mfalme) yupi anapendelewa na yupi hatakiwi. Katika maandishi hayo ndimo inamopatikana habari ya nyarubanja, ule mtindo wa bwana kumiliki ardhi na mkulima kumtolea ushuru juu ya kibanja, yaani shamba, alichokilima yeye na baba yake. Uhuru ulipopatikana serikali iliufuta kwa sheria, lakini kumbukumbu yake haijafutika katika koo zetu, na mabaraza ya ardhi yangefaidika kuijua historia hiyo kwa maandishi.

Ni kweli kwamba karatasi hizo ziliandikwa na watoza kodi, na mtoza kodi husikia anachotaka kusikia. Kwa hiyo tunamheshimu sana Francis Lwamugira, Mhaya aliyefanya kazi chini ya Wajerumani kisha chini ya Waingereza, huku akikusanya na kuandika historia ya falme za Buhaya. Alizijua siri za ofisi na mazungumzo ya wazee pia. Mmarekani Ralph Austen alichapisha mwaka 1968 kitabu kizima juu ya tawala hizo mbili huku kwetu, kwa Kiingereza. Tunamshukuru. Lakini inauma kwamba msomaji wa chuo kikuu cha ng'ambo huyafikia mambo ya falme zetu za Ihangiro na Kianja kwa urahisi kuliko mwanafunzi wa Rubya.

Tunaiomba Idara ipige picha majalada ya Bukoba na kuleta nakala katika maktaba ya mkoa. Halmashauri za Bukoba na Muleba zitenge fedha za kompyuta na mtu wa kuzitunza. Parokia, sharika na vyama vya msingi vya ushirika navyo vifungue makabati yao, maana tetemeko la Septemba 10, 2016 lilituonyesha jinsi nyumba inavyoweza kuanguka na kila kilichomo. Mchwa nao hawangoji tetemeko.

Kazi ianze na majalada ya 1937. Walimu wa historia wa Muleba wayasome na wanafunzi wao, kisha wawatume kwa bibi na babu wakaulize upande wa pili, maana mibuni iliyogombaniwa ingali nyuma ya nyumba zao.