Odd-Bjørn Hjelmeset, bingwa wa skii wa Norway

Odd-Bjørn Hjelmeset, aliyezaliwa mwaka 1971, alitwaa ubingwa wa dunia wa skii wa kilomita 50 huko Sapporo, Japani, mwaka 2007. Mtandaoni, hata hivyo, hakumbukwi kwa dhahabu hiyo. Februari 2010, katika Olimpiki ya Vancouver, alikimbia zamu ya pili ya mbio za kupokezana (hazina kijiti; mkimbiaji humgusa tu mwenzake) na akaachwa nyuma. Petter Northug, wa zamu ya mwisho, akaiokolea Norway medali ya fedha nyuma ya Uswidi. Alipoulizwa kulikoni, Hjelmeset alikiri kuboronga, kisha akasingizia kwa mzaha filamu za ngono alizotazama. Maneno hayo yakazagaa duniani kuliko ushindi wake wowote, jambo lisilomtendea haki bingwa wa kilomita 50.