Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KWS: Miamba ya Hell's Gate na Viota vya Tumbusi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya (KWS),
Nairobi.

Barua hii inawasilishwa kwa Mkurugenzi Mkuu kwa ajili ya jambo linaloweza kuonekana dogo katika shughuli za shirika lenye dhamana ya tembo, vifaru na simba, nalo ni namna miamba ya Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, inavyopaswa kutumiwa na wapanda miamba pamoja na ndege wanaotaga juu yake. Hoja yake ni kwamba njia za kupandia zifungwe na kufunguliwa kwa kufuata kinachoonekana viotani, si kwa tarehe zilizonakiliwa kutoka nchi zenye majira mengine, wala kwa marufuku ya jumla inayowaondoa watu kwenye kila jabali mwaka mzima.

Mbuga hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1984 na yenye eneo la kilomita za mraba 68 hivi, ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na kwa muda mrefu imewavuta wapandaji wa Nairobi na kwingineko, kuanzia mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba wa volkeno yenye urefu wa mita 25 hivi, hadi kuta ndefu zinazolikabili bonde. Upandaji miamba wa kimichezo ni ule ambao njia yake imewekewa bolti, yaani vyuma vinavyokazwa katika matundu yaliyotobolewa mwambani ili mpandaji apitishe kamba yake humo na kukingwa anapoteleza, ilhali katika upandaji wa kijadi mpandaji hupachika zana zake mwenyewe kwenye nyufa na kuziondoa akishapita. Tofauti hiyo ina uzito katika suala hili, kwa kuwa bolti ikishakazwa hubaki, na inapobaki huwaita wengine, hata njia iliyobuniwa na mtu mmoja ikawa ya mamia.

Miongoni mwa ndege wa miamba hiyo, wakiwemo teleka na tai weusi, anayestahili kutangulizwa ni tumbusi wa Rüppell, ambaye tangu mwaka 2015 amewekwa na IUCN, umoja wa kimataifa unaoorodhesha viumbe walio hatarini, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu tumbusi wa Afrika ulikadiria kwamba idadi yake imepungua kwa takriban asilimia 97 katika vizazi vitatu. Ndege huyu hutaga yai moja tu, ambalo wazazi wote wawili huliatamia kwa zamu kwa siku 55 hivi, na kinda likishaanguliwa hukaa kiotani kwa takriban miezi mitano kabla ya kuruka. Mzazi anayefurushwa na mtu anayeshuka kwa kamba kutoka juu ya kiota huliacha yai hilo juani au mbele ya kunguru, na likiharibika, jozi hiyo huwa imepoteza kazi ya msimu mzima. Wala mpandaji hahitaji kuwa na nia mbaya ili hayo yatokee. Inatosha asijue kwamba madoa meupe ya kinyesi chini ya kibaraza cha mwamba ni dalili ya makazi ya ndege. Tumbusi ndevu, yule mla mifupa aliyewahi kuwa sifa ya magenge haya, amekwisha kutoweka humo, na inauma kufikiri kwamba wa pili anaweza kumfuata.

Upo mfano unaofaa kutazamwa kwa makini, nao ni wa Yosemite, katika jimbo la California nchini Marekani. Kozi wa aina ya peregrini, mwindaji anayeshuka angani kwa kasi kuliko ndege wote, alikuwa ametoweka katika miamba ya huko kwa sababu ya DDT, dawa ya wadudu inayoyafanya maganda ya mayai kuwa membamba hadi yakavunjika chini ya mzazi. Dawa hiyo ilipigwa marufuku nchini humo mwaka 1972, na mwaka 1978 jozi moja ilikutwa ikizaliana katika jabali la El Capitan, nao walioikuta walikuwa wapanda miamba. Siku hizi njia zilizo karibu na viota hufungwa kuanzia Machi 1, wataalamu wa mbuga wakazichunguza kuta kwa darubini, na palipothibitika kuwa hapana kiota hufunguliwa mapema, ilhali pengine hungoja hadi katikati ya Julai.

Kinachofaa kuigwa hapo ni uchunguzi, si kalenda. Katika nchi za kaskazini kuzaliana huongozwa na kwisha kwa baridi, jambo linalojirudia karibu wakati ule ule kila mwaka, lakini uchunguzi wa tumbusi wa Rüppell katika magenge ya Kwenia, kusini mwa Kenya, umeonyesha kwamba wakati wa kutaga hubadilika mwaka hadi mwaka na huhusiana na mvua. Bango lenye tarehe zisizobadilika, basi, laweza kulifunga genge tupu na kulifungua lenye mayai.

Ni kweli kwamba adui mkubwa wa tumbusi ni sumu inayotiwa kwenye mizoga kwa ajili ya simba na fisi, nazo nyaya za umeme ni hatari pia, na hakuna anayepaswa kumtwisha mpanda miamba mzigo usio wake. Hata hivyo sumu huwekwa mbali na malango ya mbuga, ambako mkono wa shirika haufiki kwa urahisi, ilhali utulivu wa kiota umo ndani ya malango hayo, na gharama ya kuulinda ni askari wachache wenye darubini na karatasi ibandikwayo mahali pa kulipia.

Kwa hiyo shirika linaombwa kuziweka njia zote za kupandia katika ramani moja na viota, kuwashirikisha wapandaji wenyewe katika kuvihesabu, maana hao ndio wanaoijua miamba kwa vidole vyao, na kutangaza langoni kila mwezi njia ipi imefungwa, kwa ajili ya ndege gani, na itaangaliwa tena lini. Hadi tangazo la kwanza litakapotolewa, pasikazwe bolti mpya hata moja katika kuta zenye viota.