Tamko la Wasimamizi wa Majengo ya Kazi Gatuanyaga: Matengenezo Yasisubiri Ajali

Sisi wasimamizi wa majengo na mafundi wa matengenezo katika wadi ya Gatuanyaga, pamoja na wenzetu wa Thika mjini na Ruiru, tunatoa tamko hili kwa waajiri, wenye majengo, wanakandarasi na Serikali ya Kaunti ya Kiambu.

Godauni lililojengwa kuhifadhi magunia likigeuzwa karakana, mara nyingi kinachobadilika ni kibao cha mlangoni tu. Adhuhuri mabati huwaka, na mshonaji hupunguza mwendo kwa sababu ya joto. Choo kikiziba, foleni hula saa za kazi. Mwajiri huona bidhaa zimepungua akamlaumu mfanyakazi, ilhali sisi tunaona mfereji wa paa uliojaa majani na maji yakichuruzika ukutani hadi karibu na swichi kubwa ya stima.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mfanyakazi apate nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo, na nafasi iliyo juu ya mita 4.5 kutoka sakafuni haihesabiwi. Basi urefu wa paa la godauni usiwe kisingizio cha kubananisha watu. Sheria hiyohiyo inataka ukaguzi wa usalama kila mwaka, na kamati ya usalama na afya penye wafanyakazi 20 au zaidi. Tunataka kamati hizo zikutane, na ufa ukiripotiwa, kazi isimame mpaka mhandisi aseme jengo ni salama. Katika jengo la Rana Plaza, nchini Bangladesh, nyufa zilionekana tarehe 23 Aprili 2013. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watu wake, lakini washonaji wakaamriwa kurudi kesho yake. Jengo likaanguka, na zaidi ya watu 1,100 wakafa.

Mlango wa dharura usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani, hata kwa hofu ya wizi. Hilo halina mjadala kwetu.

Kwa waajiri: tengeni fungu la matengenezo katika bajeti ya kila mwaka, na lisiguswe kulipia mambo mengine. Mnapopanga kujenga au kupanua, mwiteni msimamizi wa jengo kabla mchoro haujapitishwa, kwa maana ndiye ajuaye lori hugeukia wapi na tanki hukauka saa ngapi. Mwanakandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi.

Kwa Kaunti: wakaguzi waje msingi ukichimbwa, wasingoje rangi ipakwe.

Jambo la mwisho ni makabidhiano. Tumechoka kupewa funguo bila michoro ya mabomba na nyaya, kisha bomba likipasuka fundi anavunja sakafu nzima akilitafuta, na mashine zimezimwa. Kuanzia sasa, mwanachama wetu hatatia sahihi hati ya kupokea jengo lolote lisilo na michoro hiyo.