Kamba ya Kasuku Iwe Inayokatika

Kwetu Gatete kamba husifiwa kwa jambo moja: haikatiki. Ni sifa ya haki kwa mvuvi anayeingia ziwani usiku kutafuta ndagala. Ninachopinga mimi ni kuihamishia sifa hiyo kwenye kitundu cha ndege. Uzi wa nailoni uliofumuliwa kwenye wavu mkuukuu unafungwa mguuni mwa kasuku, au unatumika kumtundikia kijiti cha kuchezea, na mwenye ndege anajisifu kwamba umeshika sawasawa. Umeshika, ndiyo. Ukijiviringisha kwenye kidole, kila ndege anapovuta unazidi kukaza. Damu haipiti, kidole kinavimba, kinakauka, kinadondoka. Uzi ule hauozi, na kwa wembamba wake huuoni mpaka umeshazama nyamani.

Kamba ya pamba nayo, inayopendwa kwa ulaini, ina hila yake. Kasuku haitazami kamba, anaitafuna. Nyuzi anazozimeza hujikusanya donge kwenye gole, chakula kisipite. Waya uliopakwa zinki ni sumu akiutafuna. Mbao zenye rangi au lami sina haja hata ya kuzijadili.

Jibu nalijua: watoto hawana madaftari, huyu analilia vitu vya kuchezea ndege! Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ningeomba pesa. Siombi. Rumonge ni nchi ya michikichi, na chikichi ni chakula akipendacho sana kasuku wa kijivu huko porini. Kipande cha uti wa kuti la mchikichi, kikitundikwa kwa utepe mfupi wa ganda kavu la mgomba, kinamtosha. Atautafuna, utakatika, nawe kesho utafunga mwingine. Huo ndio ubora wake. Muuza kamba atanicheka, acha acheke.

Wapo wasemao kasuku asifugwe kabisa. Kuhusu wa porini nawaunga mkono: mkataba wa CITES ulimpa kasuku wa kijivu ulinzi wa juu kabisa mwaka 2016, kule Johannesburg. Lakini aliyekwisha kuwa kitunduni anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, wala hawezi kungoja mjadala wetu wa darasani uishe huku mguu umefungwa. Mwenye naye achukue mkasi leo hii, aiondoe nailoni yote, kisha ahesabu vidole: vinne kila mguu.